Sikio la Barabarani

Tik. Tik. Tik-tik.

Bibi alifumbua macho gizani akasikiliza. Hakuwa panya, maana panya hana subira ya kugonga kisha akangoja. Halikuwa bomba la maji, maana bomba lao likivuja huvujia nje. Alinyoosha mkono upande wa pili wa kitanda, akagusa shuka iliyokwisha kupoa. Basi akajua. Alikuwa Mzee, ameketi jikoni, anagonga eafoni ya sikioni iliyokufa kwenye ukingo wa meza ili ifufuke.

"Acha kuipiga," alisema kutoka chumbani. "Imekufa. Mwache marehemu apumzike."

Tik, tik.

"Baba watoto, nimesema acha."

Tik.

Aliamka akajitanda mtandio, akaenda mpaka mlangoni mwa jikoni akasema tena. Mzee hakugeuka. Ilibidi aende asimame mbele yake, kati yake na taa, ndipo mumewe akainua uso kama mtu aliyeshtukizwa.

"Kumbe umeamka," alisema Mzee.

"Nimeamshwa."

"Hii bado ina uhai kidogo. Ukiibana hapa, inakoroma."

"Hata wewe unakoroma, na si kwamba unafanya kazi."

Bibi alibandika birika. Maji yalikuwa yamemfika shingoni kwa habari za eafoni. Kila safari, Mzee aliondoka na mpya na kurudi na maiti. Mvua ikinyesha zinakufa. Jua likiwaka, zinakufa pia. Na kila zikifa, yeye Bibi ndiye aliyekosa usingizi, kwa sababu eafoni zile hazikuwa za muziki. Zilikuwa za kumweka Mzee macho.

Mzee alikuwa dereva wa lori. Madereva wenzake walimwita Taratibu, maana tangu ujana hakuwahi kulipita gari la mtu kwa fujo. Alipakia saruji na mabati, akavipeleka mpaka lami inapoisha, kisha akaendelea mbele zaidi, kule ambako kiangazi vumbi linaingia hata kwenye meno yaliyofungwa, na masika tope linameza gurudumu mpaka kwenye boliti. Lori lenyewe lilikuwa la zamani, linanguruma kama mtu mwenye kifua kibaya. Redio yake ilishakufa, na simu ukiiweka kwenye dashibodi ukaongeza sauti mpaka mwisho, husikii ila nyuki. Mtandao nao, baada ya kilima cha kwanza, unakuaga.

Ndiyo maana walikuwa na utaratibu wao. Kabla ya kila safari, Bibi aliketi na simu ya Mzee akarekodi. Alisimulia yaliyotokea mtaani, nani amegombana na nani na kwa nini yeye Bibi anaona wote wana makosa. Alimsema pia Mzee mwenyewe, kwa urefu, kuhusu viatu vyake mlangoni na kuhusu kuficha mswaki wake kana kwamba kuna mtu anautaka. Njiani Mzee alichomeka eafoni akasikiliza. "Muziki unanibembeleza nalala," alizoea kusema. "Lakini wewe ukinisema, usingizi unapata wapi nafasi?"

Safari iliyopita alirudi lori likiwa limekwaruzika ubavu na kioo cha pembeni hakipo. Alisema eafoni zilikufa njiani, akasinzia kidogo, gurudumu likaingia mtaroni likamwamsha. Alilisema hilo "kidogo" kama mtu anayeomba chumvi. Tangu siku hiyo Bibi akifumba macho anauona mtaro.

Na kesho kutwa Mzee alikuwa anasafiri tena, na mawingu yalishaanza kukusanyika.

"Leo nakwenda na wewe dukani," Bibi alisema, akimmiminia chai. "Nachagua mimi. Wewe ukichagua, unachagua rangi."

Mzee alisema, "Asante, imekolea," akanywa. Bibi alimtazama. Lakini jambo hilo lilikuwa limeshakuwa la kawaida, kumwambia mumewe hili akajibu lile, na yeye alilihesabia katika ubishi wa wanaume watu wazima. Sikio la kufa halisikii dawa, alijisemea, akaenda kutafuta viatu.

Duka la kwanza lilikuwa la kijana aliyevaa hedifoni kubwa shingoni kama nira ya ng'ombe.

"Mwanangu, tunataka eafoni ngumu," Bibi alianza. "Zile za kuchomeka ndani ya sikio. Za mtu anayekaa kwenye vumbi, matope na mitikisiko."

"Mmefika. Hii hapa orijino."

"Na hii?"

"Hiyo nayo orijino."

"Na hii ya bei ya karanga?"

"Hiyo ni orijino ya daraja la pili, bibi."

Mzee alikuwa ameshaokota moja yenye taa ndogo zinazowaka na kuzimika, nyekundu na kijani. Aliigeuzageuza kwa mapenzi.

"Unakwenda harusini?" Bibi alimuuliza.

"Inapendeza."

"Barabarani nani ataiona? Nyani?"

Kijana aliona biashara inaponyoka, akatoa kikasha cheupe chenye vipande viwili visivyo na waya. Hizi, alisema, ndizo watu wa kisasa wanatumia. Bibi alivichukua kiganjani. Vilikuwa vidogo kama punje za maharage.

"Chaji yake?"

"Unachomeka tu ukutani, bibi."

"Ukuta wa wapi? Huyu analala chini ya lori. Na likipita kwenye shimo kimoja kikadondoka kwenye pedali, ainame akakitafute huku lori linakwenda?"

"Sasa bibi, hakuna eafoni ya kukaa kwenye mashimo."

"Kuna mume wa kukaa kwenye mashimo," alisema Bibi, "na yeye sikumnunua dukani." Akamvuta Mzee mkono wakatoka.

Waliingia duka la pili, la tatu, na jingine ambalo mwenyewe alikuwa amelala juu ya kaunta wakaona haya kumwamsha. Kila muuzaji aliyekuwa macho aliuliza jambo moja: mna bajeti gani. Miguu ya Bibi ilianza kuvimba, na hamu ya kumlaumu mtu ilizidi kumpanda. Mzee alitembea ubavuni mwake, akibadilisha upande kila walipovuka barabara, ili mkewe awe daima kushoto kwake. Bibi aliudhika hata na hilo.

Duka la mwisho lilikuwa kichumba chembamba, kaunta ya kioo mbele na feni ya kuninginia inayozunguka kwa uvivu. Binti aliyeuza humo hakuwa amefika hata umri wa mjukuu wao mkubwa. Aliwaamkia, "Shikamoo bibi, shikamoo babu," kisha kabla hajauliza shida yao alizunguka kaunta, akafuta kigoda kwa kiganja, akamwekea Bibi. Hakusema karibu ukae. Alikiweka tu akarudi mahali pake, na Bibi alikaa akajisikia kama mtu aliyevuliwa mzigo kichwani.

Na binti yule aliuliza swali ambalo wengine wote hawakuliuliza.

"Zilizopita zilikufaje?"

Bibi alifungua mkoba. Alikuwa amezibeba zote. Hakuwa mtu wa kutupa vitu, na moyoni alikuwa na nia ya kumwonyesha muuzaji mmojawapo aone aibu. Alizimwaga juu ya kioo, zikalala pale zimeviringana kama utumbo wa kuku. Binti alizitenganisha polepole, akanyoosha kila waya kwa vidole, akazipanga. Kisha akainua moja kwenye mwanga.

"Bibi," alisema, "hizi hazikukatika. Zimekatwa."

"Zimekatwaje?"

"Kwa kisu. Tazama. Upande wa kulia. Karibu zote."

Bibi aliinama. Ni kweli. Karibu kila eafoni ilikuwa na upande mmoja tu, wa kushoto, na pale ambapo ungekuwa wa kulia palikuwa na kishina cha waya, kimekatwa sawasawa kama kitunguu. Muda wote alizipokea zimefungwa fundo, akazitia mfukoni bila kuzifungua, akilaumu vumbi. Aligeuka akamtazama Mzee. Mzee alikuwa anaichunguza feni.

"Baba watoto. Panya wa kwenye lori lako ana kisu?"

"Eh?"

"Nani amekata hizi?"

Mzee alikohoa. "Madereva wote wanakata," alisema. "Ukija yadini utaona. Sikio moja la nyumbani, moja la barabarani. Ndivyo tunavyosema. Ukiziba yote mawili utasikiaje honi? Sasa ule upande usiotumika unaning'inia, unanasa kwenye gia. Unaukata."

"Unaukata," Bibi alirudia.

"Ndiyo desturi."

"Babu," binti alisema kwa upole, "ukikata, pale kwenye kidonda maji yanaingia, vumbi linaingia. Nyuzi za ndani zinagusana, zinaota kutu ya kijani. Ule upande uliobaki nao unakufa. Ni kama kumkata kuku bawa moja ukitaka aruke vizuri."

"Muda wote huu nalaumu vumbi," alisema Bibi. "Nimelilaumu vumbi la watu bure. Kumbe adui ninalala naye."

Binti aliinamisha uso ili asicheke mbele ya babu wa watu, na Bibi alipenda hilo pia.

Basi walianza kuchagua upya. Binti alitoa chache tu, akaeleza kila moja bila haraka. Hizi waya wake umesokotwa kwa uzi juu, haujipindi ukavunjika. Hizi waya ni laini, ziache. Hizi kichwa chake ni cha chuma, ukizikanyaga zinakuuliza kama umeumia. Pale waya unapoingia kwenye pini ya kuchomeka simuni ndipo zinapoanza kufa, kwa hiyo tafuta yenye shingo ya mpira inayokunja bila kuvunja. Kisha aligeuza kiboksi akaonyesha namba mbili ubavuni: ya kwanza inasema vumbi linazuiwa kiasi gani, ya pili inasema maji. Ikiwa na alama badala ya namba, maana yake hawakuipima, usitie imani.

"Na zile za duka la kwanza, walizoziita orijino?" Bibi aliuliza.

"Hizo bibi sijui. Mimi nasoma namba."

Mzee alikuwa ameegemea kaunta, anatabasamu, anaitikia kila kitu. "Sawa. Sawa kabisa."

"Babu, jaribu hizi. Ila usikate."

Alizichomeka zote mbili. Binti alishika simu ya duka. "Naanza kushoto," alisema kwa sauti na kwa mkono, akabonyeza. Mzee alianza kutikisa kichwa kufuata ngoma. "Haya, sasa kulia peke yake."

Mzee aliendelea kutikisa kichwa. "Safi," alisema. "Besi imetulia. Huu upande ndio mzuri zaidi."

Binti alitazama simu. Kisha alimtazama Bibi. Bibi aliinuka kidogo kutoka kwenye kigoda akaona kioo cha simu: wimbo ulikuwa umesimama. Binti alikuwa ameusimamisha, bado hajaubonyeza tena.

Binti angeweza kucheka au kusema babu unatudanganya. Aliweka tu simu chini, akajifanya anatafuta kitambaa cha kufutia kioo.

Mzee alizitoa masikioni, akawa anazisifu. Bibi alisimama. Alizunguka mpaka upande wa kulia wa mumewe, akasimama karibu kabisa na bega lake, akasema kwa sauti ya kawaida, ile ya kuombana kijiko:

"Dada yako anahamia kwetu. Amefunga masanduku. Anakuja na kuku wake."

Dada mtu aliwahi kuja kukaa nao akapanga upya jikoni, akapanga upya kabati, na mwisho Mzee akawa analala kwenye lori yadini kwa hiari yake. Jina lake likitajwa, Mzee huinuka alipo. Sasa alikuwa anakunja waya kwa utulivu, akiuzungusha kwenye vidole.

"Na anasema kitanda chetu kinamfaa," Bibi aliongeza.

Mzee alipuliza vumbi lisilokuwepo kwenye kile kichwa cha chuma.

Bibi alihisi hasira yake yote ya tangu alfajiri inamtoka miguuni kama maji, na mahali pake pakaingia kitu baridi. Alikumbuka jinsi Mzee alivyohamisha kiti chake mezani, na upande wa kitanda alioomba wabadilishane. Alikumbuka na ile "Asante, imekolea" ya asubuhi. Na yeye alikuwa anamwona mbishi.

"Mwanangu," alimwambia binti, "tuwekee hizi. Tunakwenda mahali tunarudi."

Nje, mbele ya kibanda cha fundi viatu, palikuwa na benchi. Bibi alimkalisha Mzee, akaketi kushoto kwake.

"Sikio la kulia limekufa lini?"

Mzee alitazama barabara. Fundi viatu aliyekuwa anapiga misumari alisimamisha nyundo, akainuka akaenda kununua gundi ambayo Bibi alikuwa na hakika hakuihitaji.

"Halijafa," Mzee alisema. "Limeziba. Tangu mvua zile nyingine. Mwanzo nilidhani maji. Nikangoja. Likaziba kabisa."

"Na hukuniambia."

"Tajiri anapima madereva. Macho, masikio. Akijua, anamkabidhi mtu mwingine usukani. Mimi nikae nyumbani nifanye nini, nihesabu kuku wa dada yangu?"

"Kumbe ulisikia."

"Nilisikia nini?"

"Basi. Endelea."

"Sina cha kuendelea. Ndiyo hivyo."

Mficha maradhi kifo humuumbua, Bibi alitaka kusema, lakini aliiacha methali ile, kwa sababu akili yake ilikuwa imeshafika mahali pengine. Sikio moja la nyumbani, moja la barabarani. Na la barabarani lilikuwa limeziba.

"Ule mtaro," alisema polepole. "Ulisinzia kweli?"

Mzee aliinamisha kichwa akachunguza viatu vyake.

"Baba watoto."

"Sikusinzia," alisema. "Eafoni ilikuwa nzima. Nilikuwa nakusikiliza. Ulikuwa unasimulia ule mkutano wa mtaa, yule mwenyekiti alivyokalia miwani yake mwenyewe. Nilikuwa nacheka. Basi lilikuwa linataka kunipita, lilipiga honi, wanasema lilipiga mpaka abiria wakasimama. Mimi nikahama katikati ya barabara kukwepa shimo. Lilichukua kioo. Likanisukuma mtaroni. Eafoni ilikufa baadaye, niliporuka kwenye matope."

Watu walipita mbele yao na mizigo yao. Miezi hii yote Bibi alikuwa akiketi jioni, anajaza simu kwa maneno, anaamini kila neno ni kamba inayomvuta mumewe arudi nyumbani. Na kumbe sauti yake ndiyo iliyokuwa imeziba lile sikio moja lililobaki. Basi zima la watu lilipiga honi, na mumewe akasikia habari za miwani.

Alikasirika tena, na safari hii alishukuru kukasirika.

"Inuka," alisema.

"Twende wapi?"

"Usinijibu kwa sikio hilo. Inuka."

Zahanati ilikuwa nyuma ya soko, na muuguzi wa masikio alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimkaribisha Mzee kama mtu aliyekuwa akimngoja, akamvutia kiti karibu na dirisha, akamwelekeza kichwa pembeni. Kile chombo cha kuchungulia kilikuwa cha chuma baridi, naye alikishika kiganjani akakipasha joto kwanza, huku akiongea habari za mvua. Bibi aliona, akazidi kumwamini.

Muuguzi alichungulia. Akatoa kichwa, akafuta miwani, akachungulia tena.

"Baba," alisema, "humu ndani kuna mtu amehamia."

"Eh?"

"Shika mkono wake, mama. Baba, usitikisike hata kama unamwona mkwe wako."

Alitia kibano chembamba. Mzee alikunja uso, akafinya vidole vya Bibi mpaka vikageuka rangi. Muuguzi alivuta, taratibu, kikatoka kitu kidogo cheusi, kimezungukwa na nta nzito, akakiweka juu ya pamba na kukipangusa.

Kilikuwa kimpira cha eafoni, kile cha ncha inayoingia sikioni.

Wote watatu walikitazama. Mzee alikuwa wa kwanza kukitambua, Bibi aliona kwa jinsi alivyoinamisha kichwa. Eafoni moja ya rahisi, aliyoinunua njiani, ilipoteza mpira wa upande wa kulia kwenye barabara ile ya mawe. Aliutafuta chini ya kiti, chini ya pedali, hata kwenye viatu. Akaona umeanguka dirishani. Baadaye sikio lilipoziba, kila eafoni mpya ikawa haina kazi upande huo, basi akaikata kama wenzake wanavyokata, na desturi ikamfichia siri hata yeye mwenyewe.

"Umetembea na duka sikioni," Bibi alisema.

"Usipige kelele," alisema Mzee.

"Sijapiga kelele."

Mzee alitulia. Aligeuza kichwa huku na huku, kama mtu aliyeingia chumba kikubwa. "Viatu vyako vinalia," alisema. "Vinafanya nywii."

"Vimelia tangu mwaka jana. Nilikwambia."

Mzee alifuta macho kwa mgongo wa mkono, na muuguzi akageukia dirisha, akaanza kuosha vyombo vyake polepole kuliko ilivyohitajika. Baadaye alichungulia tena, akasema ngozi imechubuka lakini ngoma ya sikio ni nzima. Atie dawa, asitie kitu kingine humo mpaka papone. Kisha, kwa kuwa Bibi alikuwa amemweleza yote, hakumficha.

"Na hiyo habari ya kusikiliza huku unaendesha, mama, mimi siipendi. Hata kwa sikio moja. Dawa ya usingizi ni usingizi. Akichoka aegeshe alale."

Bibi aliitikia. Alijua ni kweli, lakini ilimchoma. Alikuwa na habari nyingi za safari hii, alishazipanga kichwani. Walitembea kurudi, kila mmoja na lake, na Mzee alikuwa anageuza kichwa kwa kila baiskeli.

"Lori linaegeshwa sana masika," alisema baadaye. "Tope likikataa, tunakaa pale siku nzima tunangoja njia ikauke. Wenzangu wanacheza karata. Mimi nitakusikiliza hapo." Alitembea kidogo. "Sikio likipona, nitakusikiliza kwa yote mawili. Hujawahi kunisema kwenye masikio mawili."

"Utajuta," Bibi alisema, lakini alimshika mkono.

Binti wa duka alikuwa ameziweka eafoni pembeni, amezifunika kwa karatasi mtu mwingine asizitake. Bibi alimsimulia ya zahanati, kwa kifupi, maana Mzee alikuwa amesimama pale. Binti hakucheka mpaka Mzee mwenyewe alipocheka.

"Sasa," Bibi alisema, "mimi nina mtihani mmoja tu. Lete zote."

Alizichukua moja moja, akashika kile kimpira kwa kucha akavuta. Cha kwanza kilitoka bila ubishi, kikaruka mpaka chini ya kaunta. "Ondoa." Cha pili kilitoka kwa kunung'unika. "Ondoa." Binti alifungua droo ya chini akatoa zile za kichwa cha chuma, lakini zenye mfuo kuzunguka shingo, mpira ukikaa humo unabana kama kifuniko cha chupa. Bibi alivuta. Karibu avute kwa meno. Alimpa Mzee, mikono iliyozoea kukaza boliti, naye akavuta mpaka akaona haya.

"Hizi," Bibi alisema. "Vumbi?"

"Namba sita. Haliingii."

"Maji?"

"Bibi, ngoja nilete bakuli." Lakini binti hakwenda popote, alitumbukiza kile kichwa cha chuma kwenye glasi yake ya maji, akahesabu taratibu, akakitoa na kukifuta. "Tujaribu kwa wimbo?"

"Jaribu kwa hii," Mzee alisema, akampa simu yake. "Hiyo ndiyo kazi yake."

Binti alichomeka, akavaa yeye mwenyewe, akabonyeza. Bibi aliona haya. Hakuwahi kurekodi kwa ajili ya mtu mwingine. Uso wa binti ulitulia kwanza, kisha nyusi zikapanda, kisha akaziba mdomo. Ilikuwa ile ya seremala wa mtaani aliyetengeneza kabati zuri ndani ya chumba cha mteja, likakataa kupita mlangoni siku mteja alipohama. Mteja mmoja aliingia kuuliza chaja, binti akamwonyesha kidole: ngoja. Yule mtu akangoja.

Aliposikiliza mpaka ilipokatika, alizitoa, akazikunja vizuri, akazitia kwenye kikasha kigumu na kukifunga zipu. Alimkabidhi Mzee kwa mikono miwili.

"Babu, sitaki kusikia kisu."

"Kisu nimekiacha."

"Utaniahidi?"

"Mbele ya huyu?" Mzee alimtazama Bibi. "Nathubutu?"

Walikuwa wameshafika kwenye kizingiti binti alipoita. Hakuita kwa sauti kubwa, na Mzee ndiye aliyegeuka kwanza.

"Bibi," alisema binti, akijizungushia kidole kwenye mkufu wake, "babu akishaondoka, wewe mchana unafanya nini?"

"Nafanya nini? Nafua. Nagombana na ukuta."

"Hapa mchana hakuna watu. Nakaa peke yangu mpaka jioni." Alisita. "Na sijajua wale watu walilitoaje lile kabati. Njoo tena, bibi. Usingoje mpaka kitu kiharibike."